Usiache Mbachao: Kompyuta Kuukuu Nazo ni Urithi



Huko Bujora, karibu na Kisesa, Makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na Padri David Clement yanahifadhi ngoma, viti vya watemi na zana za wahunzi. Kazi ile imewafundisha wakazi wa kando ya ziwa kwamba chombo kikiisha kutumika hakiishi maana.

Ni ajabu basi kwamba kompyuta za kwanza za ofisi na shule hazipewi heshima hiyo. Hufungiwa stoo, kisha huuzwa kwa kilo pamoja na chuma chakavu.

Historia yake si ndogo. Mwaka 1965, mwaka ule ule ambao kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani ilianza kuuza PDP-8, kompyuta iliyopunguza gharama na ukubwa wa mashine hizo, Wizara ya Fedha ya Tanzania ilifunga kompyuta yake ya kwanza, ICT 1500. Baadaye mpango wa kuendesha hesabu za Serikali kwa kompyuta ulileta hasara, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku, isipokuwa kwa kibali maalumu. Marufuku hiyo ililegezwa hatua kwa hatua hadi miaka ya 1990. Kwa sababu hiyo mashine za zama zile ni chache mno, na kila iliyosalia ni shahidi wa uamuzi mzito wa Taifa. Kijana asiyeionyeshwa atadhani kompyuta ilizaliwa pamoja na intaneti.

Wala isidhaniwe kwamba sheria peke yake itaziokoa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ililenga hasa vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Mlinzi wa kwanza wa kompyuta kuukuu ni mwenye ufunguo wa stoo.

Uingereza inatoa funzo. Kompyuta iliyojengwa Harwell na kuanza kazi mwaka 1951 ilipelekwa Wolverhampton mwaka 1957, ikafundishia wanafunzi hadi 1973. Baadaye ilifunguliwa vipande na kuwekwa ghalani. Kwa kuwa vipande havikutupwa, mafundi wa Makumbusho ya Taifa ya Kompyuta, Bletchley Park, waliiunganisha tena, na mwaka 2012 ikafanya kazi.

Kuhifadhi hakuhitaji fedha nyingi, bali uangalifu. Kosa kubwa ni kuiwasha mashine ya zamani ili kuona kama bado nzima. Kapasita zilizochakaa zaweza kupasuka na kuunguza sehemu nyingine. Betri ndogo zilizomo ndani ya mashine nyingi za miaka ya 1980 huvuja na kula njia za shaba, hivyo hazina budi kuondolewa mapema. Unyevu wa ziwa nao huleta kutu, na ukungu katika disketi; chumba kikavu, mbali na sakafu, ndicho dawa. Vitabu vya maelezo visitenganishwe na mashine, na siri za ofisi zilizomo katika diski zishughulikiwe kwa taratibu za nyaraka za Serikali.

Lililo muhimu kuliko yote ni maandishi. Kabla mashine haijafutwa katika daftari la mali, yaandikwe jina lake, mwaka ilipofika na kazi iliyofanya. Waliowahi kuziendesha waulizwe wangali hai. Chuma chaweza kununuliwa tena; kumbukumbu ya mzee aliyekwisha kufariki hainunuliki.