Dawa ya Deni Imo Katika Matumizi ya Kila Siku

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, agawaye riziki kwa kipimo akitakacho. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baad.



Si jambo geni katika mitaa ya Buyenzi kumwona mtu mzima, mwenye mke na watoto, akizunguka njia ya mbali ili asipite mbele ya duka fulani. Akiulizwa, atasema kuwa anakimbia jua. Lakini ndani ya duka lile limo daftari, na ndani ya daftari limo jina lake. Na ikiwa mwenye duka huswali katika msikiti ule ule, mtu huyu huiacha hata jamaa, akaswali peke yake chumbani. Hapo deni limekwisha kula mali yake, nalo limeanza kula dini yake.

Uislamu haukuharamisha kukopa. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alifariki ilhali deraya yake ya chuma imewekwa rehani kwa Myahudi mmoja kwa shayiri pishi 30 alizozitwaa kwa ajili ya watu wa nyumbani kwake. Haja si aibu. Lakini yeye huyo alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu katika sala yake kutokana na mzigo wa deni, na alipoulizwa sababu alieleza kwamba mwenye deni akisema husema uwongo, na akiahidi huvunja ahadi. Tena ililetwa mbele yake maiti ya mtu aliyekuwa akidaiwa dinari 3 wala hakuacha kitu, naye akajizuia kumswalia, mpaka Abu Qatada alipojitwika deni lile. Dinari 3 tu! Mwenye kudharau deni dogo na aikumbuke jeneza ile.

Wengi wenye pato dogo husema hivi: “Nitalipa nitakapopata fedha nyingi.” Basi hungoja kazi kubwa, au mzigo wa biashara, au ndugu aliye ng'ambo. Fedha nyingi haiji, na ikija huikuta haja mpya imekaa mlangoni ikiingoja. Kwa mtu wa pato dogo, deni haliondolewi na fungu moja kubwa. Huondolewa na faranga ndogo zilizokuwa zikipotea kila siku bila kuonekana. Wazee walisema kuwa dawa ya deni ni kulipa. Na dawa hiyo haitoki mbali, imo mfukoni mwa mwenye deni, ikitoka kidogo kidogo kila asubuhi.

Na uchukuliwe mfano wa fundi cherehani adaiwaye faranga 300,000. Akiitazama hesabu hiyo yote pamoja, moyo humfa. Lakini fundi huyu hunywa chai na kula maandazi mkahawani kwa faranga 500, hutia simu yake faranga 300 za mazungumzo yasiyo na haja, na hupoteza faranga 200 kwa kununua makaa na mafuta kwa vipimo vidogo vidogo. Jumla ni 1,000 kwa siku. Akiziweka kando faranga hizo 1,000 kila siku, deni lake litakwisha kwa siku 300, kabla ya kutimia mwaka wa Kiislamu ambao ni siku 354. Bei hupanda na kushuka, na kila mtu ana hesabu yake, lakini njia ya hesabu ni hiyo moja.

Jambo la kwanza limpasalo mwenye deni ni kuandika. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, imekuja kwa habari ya kuandika deni na kulishuhudisha. Basi na aandike katika karatasi moja: nani anamdai, kiasi gani, na tangu lini. Deni lililomo kichwani hukua usiku na kumnyima mtu usingizi, bali lililomo katika karatasi lina mwisho unaoonekana.

La pili ni kumwambia mke. Waume wengi huficha madeni yao, kisha hukasirika nyumbani pasipo sababu, na mke hudhani kuwa amechukiwa. Huyo ndiye ashikaye ufunguo wa jiko, na pasipo yeye hakuna upunguzaji wowote. Mke mwenye busara ajuaye ukweli ataloweka maharage usiku kucha ili yaive kwa makaa machache. Atashirikiana na jirani kununua gunia la makaa badala ya kununua kopo kila jioni, na atanunua ndagala wakavu siku zile wanapokuwa wengi sokoni. Mke asiyejua atadai kitenge kipya cha sikukuu, wala hatakuwa na kosa, kwa maana hakuambiwa.

La tatu ni kujua kipi cha kupunguza. Chakula cha watoto, dawa ya mgonjwa na ada ya shule ni haki zilizo juu ya baba, wala si mahali pa kuanzia. Si uchaji Mungu baba kunywa soda barazani pamoja na rafiki zake, kisha arudi nyumbani kupunguza uji wa watoto kwa jina la kulipa deni. Kupunguza na kuanzie kwa mpunguzaji mwenyewe: sigara yake, chai yake ya mkahawani, mwendo wa pikipiki mahali ambapo miguu ingetosha, na simu ya kuulizana habari ambazo jioni zitajulikana msikitini. Qur'ani imewataja wafanyao israfu kuwa ni ndugu wa mashetani, na katika Suratul Furqan imewasifu wale ambao matumizi yao yapo katikati, si ufujaji wala si ubahili. Ulipaji wa deni wataka njia hiyo ya kati. Ajinyimaye kila kitu kwa juma moja, juma la pili hurudi katika matumizi kwa njaa kubwa kuliko ya kwanza.

La nne ni kutenga kwanza. Wengi hutumia, kisha hutazama kilichobaki, nacho huwa si kitu. Fundi, mchuuzi au mchukuzi na aitenge sehemu ya deni katika fedha ya kwanza ya siku, aitie katika kopo lililofungwa au kwa mtu mwaminifu. Siku isiyo na kazi, Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu ila kwa uwezo wake. Siku yenye kazi mbili, na atenge mara mbili.

La tano ni kumwendea mdai kabla mdai hajaja. Na amwambie kwa adabu: “Bwana, deni lako nalijua, uwezo wangu ni huu, nitakuletea kila Ijumaa.” Kisha amletee, hata iwe kidogo, naye mdai akiandike mbele ya shahidi. Mdai apokeaye kidogo kila Ijumaa hupata imani. Asiyepokea kitu ila maneno ndiye agombaye njiani. Na atakayeweza kulipa kisha akachelewesha kwa makusudi, Mtume (s.a.w.) ameuita ucheleweshaji huo dhuluma.

La sita ni kufunga mlango wa deni jipya. Kukopa hapa ili kulipa pale ni kuchimba shimo ili kufukia shimo, na ikiwa mkopo wenyewe una riba, basi shimo limeongezwa moto. Mlango mpana kuliko yote ni sherehe. Waswahili wamesema: kukopa harusi, kulipa matanga. Watu hukopa kwa ajili ya sare za harusi na pilau ya watu mia, na bwana harusi huianza ndoa yake akiwa mtumwa wa wenye maduka. Ilhali Mtume (s.a.w.) alifanya walima kwa baadhi ya wakeze kwa vibaba viwili vya shayiri, na ndoa ile haikupungukiwa na baraka. Wazee wa mitaa wakikubaliana kupunguza gharama hizi, watakuwa wamelipa madeni ya vijana kabla hayajakopwa.

Hata hivyo, si kila deni limezaliwa na ufujaji. Tarehe 27 Januari 2013 Soko Kuu la Bujumbura liliteketea kwa moto, na wachuuzi wengi walipoteza kwa siku moja bidhaa walizokuwa wamezikopea. Mtu wa namna hiyo, asiambiwe tu kuwa apunguze chai. Katika zama za Mtume (s.a.w.) mtu mmoja alinunua matunda, yakapatwa na msiba, deni likamwelemea. Mtume akawaamrisha watu wamtolee sadaka. Sadaka ilipokuwa haikutimia, aliwaambia wadai wakitwae kilichopatikana, wala hawana zaidi ya hicho. Qur'ani nayo, katika Suratut Tawba aya ya 60, imewahesabu waliolemewa na madeni miongoni mwa mafungu manane ya wapewao zaka. Na kwa mwenye dhiki imeamrisha apewe muhula mpaka apate wasaa, na kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Basi chama cha Waislamu kina wajibu wake hapa, na mwenye duka ana wajibu wake: asimtangaze mwenzake hadharani, asimwaibishe mbele ya watoto wake, asimzuilie njia ya msikitini.

Mwisho ni habari ya mauti, ambayo haingoji daftari lifungwe. Sharia imeweka deni lilipwe kabla mirathi haijagawanywa. Umar bin Khattab, alipokuwa amelala na majeraha yaliyomuua, alimwamrisha mwanawe Abdullah alihesabu deni lake, likapatikana kuwa kiasi cha 86,000, naye akausia namna ya kulilipa. Khalifa aliyetawala nchi kubwa hakuona haya kulitaja deni lake mbele ya watu. Fundi cherehani wa Buyenzi aone haya gani? Na aiandike karatasi yake leo, aitie mahali ambapo mke na wana wataiona, na kesho asubuhi aanze na faranga ile ya kwanza.

Ewe Mola, wafungulie wenye madeni njia ya kulipa kwa halali, watie wadai huruma katika nyoyo zao, zibariki kazi za mikono ya wanyonge, na uwajaalie waja wako watoke duniani hali hawadaiwi haki ya mtu. Amin.

Wabillahi tawfiq.