Chakula na Kisukari Wakati wa Ujauzito

(Mazungumzo mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Nimeombwa nizungumze juu ya chakula cha mama mjamzito na ugonjwa wa kisukari. Pengine wako watakaouliza: jambo hili lahusu nini ushirika? Jibu ni jepesi. Mazao tunayoyapima ghalani hutoka mikononi mwa watu, na mingi ya mikono hiyo ni ya akina mama. Tena fedha za msimu ndizo zinazonunua chakula cha nyumbani, na aghalabu huwa mfukoni mwa baba. Kwa hiyo maneno haya si ya wanawake peke yao.

Ugali, wali, ndizi, muhogo na viazi tunavyokula hugeuka kuwa sukari katika damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo kazi yake ni kuiingiza sukari hiyo katika viungo ili mwili upate nguvu. Mimba inapokua, kondo la nyuma hutoa homoni zinazoipunguzia insulini uwezo wake. Kwa akina mama wengi kongosho huongeza kazi, na mambo huenda sawa. Kwa wengine hushindwa, na sukari huzidi katika damu. Hicho ndicho kisukari cha mimba. Wala si ugonjwa wa nadra: mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa duniani, karibu uzazi 1 kati ya 6 huguswa na sukari iliyozidi wakati wa ujauzito.

Sukari ya mama hupita katika kondo na kumfikia mtoto, lakini insulini ya mama haipiti. Mtoto hulazimika kutengeneza insulini yake kwa wingi, naye hunenepa kupita kiasi. Wakati wa kuzaliwa mabega yake huweza kukwama, na mama akaumia au akahitaji upasuaji. Akiisha kuzaliwa, sukari ya mtoto huweza kushuka ghafula hata kuhatarisha maisha yake. Mama naye hukaribiwa zaidi na shinikizo la damu na kifafa cha mimba. Vijijini mtoto wa kilo 4 au zaidi hupokewa kwa vigelegele. Furaha hiyo ni haki, lakini mkunga na aambiwe habari hiyo katika mimba ifuatayo, kwani huenda ikawa ishara.

Ndugu wanachama, hakuna katibu anayepokea pamba au kahawa kwa kuikadiria kwa macho. Huiweka kwenye mzani. Kisukari cha mimba nacho hakionekani kwa macho. Kiu, uchovu na kwenda haja ndogo mara kwa mara ni mambo ya kawaida kwa mjamzito, na wengi wenye ugonjwa huu hawasikii lolote. Dawa ya shaka ni kipimo. Kwa kawaida hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28: mama hupimwa kabla ya kula, hunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha hupimwa tena. Sukari ikifika milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kula, au 8.5 baada ya saa 2, ugonjwa upo. Mwenye ndugu wa damu wanaougua kisukari, au mwenye unene uliozidi, hana budi kupimwa mapema zaidi. Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2016, hupendekeza mjamzito aonwe na wahudumu mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12. Ikiwa zahanati ya karibu haina kipimo, na iulizwe ni wapi kinapatikana.

Sasa juu ya chakula. Liko kosa la kumwambia mjamzito ale kwa ajili ya watu wawili, na liko kosa la pili la kumnyima chakula akisikiwa ana kisukari. Yote mawili hudhuru. Linalotakiwa ni mgawanyo. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu au kabichi. Robo iwe maharage, kunde, mbaazi, dagaa, samaki, nyama au mayai. Robo iliyobaki iwe ugali, wali au ndizi. Dona ni bora kuliko sembe, maana kumbi lake hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Mama ale kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, wala asishinde na njaa. Tunda alile zima, moja kwa wakati mmoja, badala ya kunywa maji yake. Soda, chai yenye sukari nyingi na maandazi aviweke kando. Kutembea kidogo baada ya kula husaidia kushusha sukari. Na pale yanapodumu makatazo ya mayai kwa mjamzito, yafaa yaachwe, kwani humnyima chakula chema asichokuwa na sababu ya kukikosa.

Wengi hupona kwa chakula na mwendo tu. Wengine huhitaji dawa au insulini. Hiyo si aibu wala si dalili ya uvivu wa mama, naye asiiache kwa ushauri wa majirani. Baada ya kujifungua, apimwe tena kati ya wiki ya 6 na ya 12, na baadaye mara kwa mara, kwani amekuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha kudumu. Kunyonyesha humfaa yeye na mtoto.

Ndugu makatibu, nawaomba mambo matatu. Siku ya kliniki isigongane na siku ya kupima mazao. Habari hizi zisomwe katika mkutano mkuu wa kila chama, waume wakiwapo. Na malipo yatolewapo, mwanachama mwenye mke mjamzito akumbushwe kwamba nauli ya kwenda kupimwa na kibaba cha maharage ni matumizi ya kwanza, si ya mwisho.