Sumu ya Roketi Visimani

Sumu iliyozama ardhini haionekani kwa macho, na kwa ajili hiyo ilikuwa mwaka 1997, ilipopatikana njia ya kupima kwa usahihi zaidi, ndipo ilipobainika ya kuwa visima vya Rancho Cordova, katika jimbo la California nchini Marekani, vimeingiwa na pakloreti, chumvi itumikayo katika fueli ya roketi. Chumvi hiyo huizuia tezi ya shingoni isipate madini joto, na anayehofiwa zaidi ni mtoto aliye tumboni mwa mamaye.

Dawa iliyotumika yanistaajabisha hata leo: maji huvutwa kwa pampu, yakapandishwa ndani ya matangi marefu yenye chembechembe za kaboni zilizovikwa bakteria, ambao, wakilishwa spiriti kidogo na kunyimwa hewa, hulazimika kuinyang'anya pakloreti oksijeni yake, hata ikasalia kloridi, iliyomo pia katika chumvi ya mezani. Kichujio huihamisha sumu tu. Viumbe hawa dhaifu huivunja. Walakini kazi hiyo, iliyoanza mwaka 1998, haikwisha kwa mwaka mmoja wala kumi, na gharama yake ni kubwa mno kuliko ile ya kutoimwaga sumu hapo awali.