Daftari la Mitaa: Uendeshaji wa Madarasa ya Saba na ya Nane Kolwezi Wakati wa Korona

Wakuu wa shule wenzangu, nanyi wakaguzi mliokubali kututolea siku hizi mbili ili tukae kitako tukumbushane yaliyotupata:

Nimeombwa niseme juu ya uendeshaji wa shule wakati wa maradhi yaliyoizunguka dunia, na hususan juu ya madarasa mawili, la saba na la nane, ambayo sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 iliyatia ndani ya elimu ya msingi ya miaka 8, ingawa aghalabu yamo katika majengo ya sekondari na chini ya amri ya prefe, yaani mkuu wake. Naomba ruhusa nianze na ubao mmoja.

Siku ya Jumatano, tarehe 18 Machi 2020, mwalimu wa Kifaransa wa darasa la saba katika shule niliyoiongoza aliandika tarehe juu ya ubao kwa ule mwandiko wake ambao watoto hupenda kuuiga, akaweka kichwa cha somo, akaandika sentensi tatu za mfano. Kengele ikalia kabla hajaifikia ya nne, naye akawaagiza wasifute, kwani wangemalizia kesho. Usiku ule Rais Félix Tshisekedi alilihutubia taifa, na shule zote, tangu za watoto wadogo hata vyuo vikuu, zikaamriwa kufungwa kuanzia kesho yake kwa muda wa majuma manne. Majuma yale yakazaa miezi. Mwezi wa Agosti waliitwa wale tu wa madarasa ya mwisho waliokabiliwa na mitihani ya taifa. Wa darasa la saba hawakuitwa mpaka mwaka mpya wa masomo ulipofunguliwa tarehe 12 Oktoba, na nilipoufungua mlango wa chumba chao nikaukuta ubao umegeuka rangi kwa vumbi la malori yapitayo njiani, sentensi tatu zikisomeka kwa shida, na nafasi ya ile ya nne ingali tupu.

Karibu miezi saba, basi. Kolwezi haikuwa mara yake ya kwanza kuziona shule zake zikinyamaza. Wazee mliomo humu mnaukumbuka Mei wa 1978, vita vilipoingia mjini na watu wakatawanyika porini na vijijini. Wala maradhi hayakuwa mageni kwetu: mwanzoni mwa Januari 2020 Shirika la Afya Duniani lilikwisha kutangaza kwamba surua imeua watu zaidi ya 6,000 katika nchi yetu tangu kuanza kwa 2019, wengi wao watoto, na taifa halikufunga shule zake kwa ajili ya surua. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba amri ya Machi ilitukuta hatuna kipimo cha jambo hili, kwa sababu katika vita vya 1978 mtoto alikimbia pamoja na jamaa yake, akiwa mkononi mwa mama, ilhali mwaka 2020 mtoto alibaki mjini mbele ya macho yetu, shule imefungwa, na shimo la madini liko wazi.

Hapo ndipo penye uzito wa mada yangu. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 43, imeifanya shule ya msingi ya serikali kuwa ya lazima na ya bure, na Septemba 2019 ahadi hiyo ikaanza kutekelezwa, hata madarasa ya chini yakafurika. Lakini ubure huo hukoma katika darasa la sita. Mtoto anapovuka kwenda la saba, sheria ya 2014 yamwita bado mwanafunzi wa elimu ya msingi, na mkono wa mhasibu wamdai minervali, yaani ada, na michango mingine kana kwamba ni mtu mzima. Tazameni na umri wake: miaka 12, 13, 14. Mdogo wake wa darasa la tatu hana nguvu ya kubeba mfuko wa mawe, na kaka yake wa humanite, madarasa ya juu ya sekondari, ana haya ya kuonekana mtoni akiosha mawe ya watu kwa malipo ya siku; yeye wa katikati nguvu anazo, na haya bado haijamwingia. Mzazi aliyekuwa akijinyima ili alipe, alipoona halipi na mtoto hasomi, alipata hesabu ambayo si lazima awe mtu mwovu ndipo aifanye.

Sasa niungame kosa langu. Katika majuma sita ya kwanza nilikuwa mtumishi mwenye bidii sana. Nilipanga ratiba ya masomo ya nyumbani, nikawaagiza walimu waandike mazoezi, nikayapeleka kwenye kibanda cha fotokopi kwa fedha zilizobaki katika sanduku la shule, nikayaweka mezani langoni ili yachukuliwe kila Jumatatu. Yalichukuliwa na wale waliokaa karibu, ambao hawakuwa na hatari yo yote. Nilidhani amana niliyokabidhiwa ni masomo.

Redio nayo ilikuja kutusaidia. Redio Okapi ilirusha masomo, na nawashukuru waliofanya kazi hiyo. Lakini somo lilikuja kwa Kifaransa katika nyumba ambazo mama huzungumza Kiswahili na bibi huzungumza Kisanga au Kilunda, na hapakuwa na mwalimu wa kusimama katikati. Mama mmoja wa Kasulo nilimwuliza kama binti yake anasikiliza. Akanitazama kwa upole, akaniambia, “Baba Prefe, katika nyumba hii mawe ya redio hununuliwa kwa mawe ya shimo.” Nilicheka naye, kisha nikatembea njia nzima nikiyafikiri maneno yake, kwani maana yake ilikuwa kwamba ili betri zinunuliwe na binti asikilize somo, sharti mtu wa nyumba ile, na pengine ni yeye mwenyewe, kwanza aende shimoni.

(Wageni wanaotutembelea hupenda kutukumbusha kwamba kobalti ya simu zao hutoka kwetu, na kwamba ni ajabu watoto wetu kukosa simu za kusomea. Ni kweli, na tumeisikia. Mimi lililoniuma lilikuwa la karibu zaidi: mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke yako juu ya mto wetu wenyewe, Lualaba, tangu miaka ya 1950, na mimi nilikuwa nikisahihisha mazoezi kwa mshumaa.)

Katika juma la saba nilinunua daftari jipya lenye jalada gumu. Majina yote ya darasa la saba na la nane niliyaandika upya, si kwa madarasa, bali kwa mitaa: Kasulo, Kanina, Mutoshi, na wale wachache watokao mbali Musonoi. Kila mwalimu alipewa mtaa anaolala, bila kujali somo analolifundisha, akatakiwa kila juma aijue habari ya kila jina: mtoto yuko wapi, siha yake ikoje, na asubuhi yake huipitisha katika kazi gani. Alama zilikuwa tatu tu. Nukta, yupo na yu salama. Mstari, yupo lakini anafanya kazi. Duara, hajulikani alipo.

Kazi hii ina adabu zake, na naomba mzisikie kwa sababu hakuna waraka uliozieleza. Mikutano ya watu zaidi ya 20 ilikuwa imekatazwa na watu waliogopana, basi mwalimu alipiga hodi akasimama uani, akakataa kiti. Nanyi mnajua kwetu kukataa kiti ni nini. Ilitubidi tuwaeleze watu kwanza kwamba tunakataa kiti kwa heshima. Pili, mzazi huulizwa mwisho. Mzazi ana haya, na haya humfanya aseme mtoto amekwenda sokoni. Bali ukimwuliza mwanafunzi mwenzake aliyekaa naye dawati moja, atakwambia yuko mto gani, na nani, tangu lini. Tatu, neno “amekwenda kwa shangazi yake”, likisemwa juu ya msichana wa miaka 14, tulijifunza kuliwekea duara papo hapo, kisha kumtafuta shangazi. Wavulana tuliwapoteza kwa kelele, kwa maana walirudi jioni na fedha mfukoni wakazionyesha. Wasichana walipotea kimya, na mmoja tulipompata Likasi alikuwa amekwisha kutolewa mahari.

Na kulikuwa na nyumba ambazo dhiki yake ilikuja kwa mlango wa neema. Makampuni kadhaa ya migodi ya Lualaba na Katanga ya Juu yaliwaweka wafanyakazi wao ndani ya nyua za migodi kwa majuma na miezi ili kazi isisimame wala maradhi yasiingie, hata jumuiya za haki za binadamu zikaandika barua za kulalamika Juni 2020. Mshahara ulifika nyumbani, baba hakufika. Mtoto wa kwanza wa nyumba hizo, aghalabu wa umri huu tunaouzungumza, akawa baba: akapanga foleni ya maji, akampeleka mdogo wake mgonjwa kwa tabibu, akaamua nani afunguliwe mlango usiku. Katika daftari alipata nukta, kwa maana yupo na yu salama. Leo ningempa alama ya nne.

Nije kwa walimu, kwa kuwa shule isiyo na walimu ni ukuta. Wengi wetu tunaishi kwa prima, yaani michango ya wazazi, na wako ambao majina yao hayajaingia katika orodha ya malipo ya serikali, wafundishao mwaka baada ya mwaka wakiitwa “wasiolipwa” hata wakalizoea jina hilo kama jina la ukoo. Michango ilipokoma, hao hawakuwa na senti. Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa mmoja wao; mwezi wa Aprili aliniaga kwa maneno machache, akaenda kuandika mizani katika kituo kimoja cha kununulia mawe kando ya njia kuu. Nilimkasirikia, na niliyatamka mbele ya wenzake maneno ambayo sasa ningependa kuyala.

Mwishoni mwa Mei, jua likizama, alikuja nyumbani kwangu akiwa na matope ya rangi ya kijani kwenye viatu. Nilimpa kiti, akakikataa. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, nyuma ya stakabadhi ya mizani, imejaa majina kwa penseli, na mbele ya kila jina tarakimu. Nikadhani ni kilo. Akasema, “Hapana, Prefe. Ni nambari zao za daftari.” Alikuwa amewaandika wanafunzi wetu wote aliowaona pale wakiburura mifuko, na kila mmoja alimtia nambari yake ya mahudhurio, ambayo aliihifadhi moyoni kwa kuiita kila asubuhi miaka yote ile. Wao walipomwona walimficha nyuso, naye akawaficha uso wake, na jambo hilo likapita kila siku baina yao bila ya mtu kusalimia. Orodha ile ilifuta maduara mengi katika daftari langu kuliko safari zote tulizokwenda.

Tuliitumiaje? Hatukuwaendea watoto shimoni. Tuliwaendea mama zao jioni. Tulikubaliana kwamba mtoto alete ukurasa mmoja wa zoezi kwa juma, hata ukiwa mchafu, na kwamba madeni ya robo iliyokatika hatutayadai. Sharti hili la pili nililitia sahihi bila ya kumwuliza mtu, na nililipia kwa maneno makali baadaye. Lakini mzazi haogopi kumrudisha mtoto shuleni, huogopa dirisha la mhasibu.

Juu ya Oktoba sina mengi, kwa kuwa nyote mliyafanya yale yale: bidoni yenye robine langoni, sabuni, madawati yaliyotenganishwa katika vyumba visivyo na nafasi ya kutenganisha kitu, zamu ya asubuhi na ya mchana. Robine yetu iliibiwa mara mbili. Barakoa, ambazo watoto huziita kashene, walizivaa kwa furaha kuliko nilivyotazamia, na mmoja wa Musonoi aliniuliza kwa nini hatukupewa zamani kwa ajili ya vumbi. Sikuwa na jibu.

Amri ya pili ilipokuja, na shule zikafungwa Ijumaa tarehe 18 Desemba hata Jumatatu tarehe 22 Februari 2021, hatukutayarisha fotokopi kwanza. Jioni ile ile daftari la mitaa liligawanywa, na mwalimu wa hisabati, ambaye Oktoba alikuwa amerudi, aliomba apewe mtaa wa pili juu ya wake.

Ninayoyaomba katika semina hii ni mawili. Daftari la mitaa liandikwe kila Septemba, pawe na maradhi au pasiwe, kwa kuwa huwezi kuanza kuyatafuta makao ya watoto siku ambayo mlango umefungwa. Na kwa kuwa Kanuni ya Migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 imewapa miji na tawala za kichifu sehemu 15 katika kila 100 za mrabaha wa madini, baraza zetu ziombwe zitenge kifungu kidogo, kisichoguswa kwa jambo jingine, cha kuwalipa walimu wasiolipwa kila amri inapozifunga shule, ili mwalimu asiende kuwahesabu wanafunzi wake penye mizani.

Daftari lenyewe nimelileta, liko mezani pale karibu na mlango, pamoja na ile stakabadhi. Maduara mawili yamebaki, yote ya wasichana wa Kanina. Atakayetaka kunakili mistari ya kurasa na anakili kabla ya adhuhuri, kwani mchana sina budi kulirudisha. Mwalimu wa zamu analihitaji.