Nani Avuke Ng'ambo?

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa Walei, Ng'ambo, Tabora)





Mahali tulipokutana panaitwa Ng'ambo, yaani upande wa pili. Jina hili latupa swali la leo: watu wawili wanaposemezana, nani huvuka kwenda upande wa mwenzake?

Mji wetu ni mji wa wavukaji. Katika karne ya 19 misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita hapa Unyanyembe. Wapagazi wa Kinyamwezi walikutana njiani na Wazaramo, Wagogo, Wamanyema na Waarabu wa Oman. Mnyamwezi alijifunza Kiswahili cha pwani. Mgeni aliyetaka chakula na maji naye alilazimika kuitafuta salamu ya wenyeji. Kila mmoja alilegeza usemi wake ili aeleweke.

Kulegeza usemi hivyo si unafiki. Mama husema na mtoto wake kwa namna moja, na mkwewe kwa namna nyingine. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho jinsi alivyojilinganisha na kila kundi la watu ili awapate. Nayo siku ya Pentekoste, Roho Mtakatifu hakuwadai wasikilizaji wajifunze kwanza lugha ya mitume. Kila mmoja alisikia kwa lugha yake mwenyewe.

Lakini hapa ndipo haki inapoingia, maana mara nyingi anayevuka ni mnyonge peke yake. Nilipokuwa padre kijana nilihudhuria kikao kimoja cha kijiji kuhusu mpaka wa shamba. Mzee mmoja alisimama akasema, "Ndugu zangu, msipige kula kabla hamjanisikiliza." Wazee wetu waliokulia katika Kinyamwezi wengi hutamka "l" mahali pa "r", na ulimi wao hauna kosa. Hata hivyo kikao kiliangua kicheko. Mzee akatabasamu, akaketi, asiseme tena. Shauri likaamuliwa bila neno lake. Nami nilicheka pamoja nao. Jambo hilo nimeliungama, lakini shamba halikurudi.

Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, chasimulia jinsi Wagileadi walivyoviteka vivuko vya Yordani na kumwua kila Mwefraimu aliyeshindwa kutamka neno "Shibolethi". Tusidhani tuko mbali na kivuko kile. Sisi hatumwui mtu. Twaliua shauri lake.

Mwaka 2021 sheria ya nchi yetu ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Ni hatua ya kushukuriwa, kwa kuwa hukumu za mahakama za juu zilikuwa zikiandikwa kwa Kiingereza, na wengi hawakuweza kusoma kilichoamuliwa juu ya mali yao. Hata hivyo, bibi asiyejua maana ya "mlalamikiwa" wala "rufani" angali ng'ambo ya pili. Sheria imemkaribia, yabaki mtu wa kumshika mkono.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu.

Kwanza, mwenye cheo na elimu atangulie kuvuka. Mimi niliyefundishwa seminarini nisimtake mkulima apande hadi kwenye maneno yangu.

Pili, tusiridhike kuuliza, "Umeelewa?" Mnyonge atajibu "Ndiyo" kwa heshima tu. Tumwombe atueleze alivyosikia, na akihitaji mkalimani apewe.

Tatu, tusiigize lafudhi ya mtu. Kumwiga si kumvukia, ni kumkejeli. Mwenyekiti akizuie kicheko kabla hakijamketisha msemaji.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Ni nani katika Jumuiya yetu aliyeacha kusema? Alinyamaza tangu lini, na kwa sababu gani?

2. Katika vikao vyetu, nani hulazimika kuvuka siku zote?

3. Juma hili tutamwendea nani, ili tumsikilize kwa lugha yake?