Vyombo vya emaye vya shirika letu: tuvitunze, na vile vibaya tuvitoe

Mazungumzo ya mama mwenye kutunza stoo ya vyombo, kwenye mkutano wa mwezi, Baraka

 

Mumeniomba niseme juu ya vyombo, sababu mimi ndiye niko na ufunguo wa stoo. Mule tuko na sufuria na mabakuli ya emaye yenye tunaazimana siku za kilio na za ndoa. Mengine yalivuka ziwa pamoja na sisi toka Kigoma, yakiwa yamefungwa ndani ya kitenge. Najua, nikigusa vyombo hivyo nagusa roho za watu. Lakini leo inapashwa tuseme ukweli.

Emaye ni kitu gani? Ndani ni chuma. Juu yake ni unga wa kioo uliochomwa kwenye moto mkali, karibu digrii 800, mpaka ukayeyuka na kushikana na chuma. Uzuri wake, ndimu na nyanya haviili chombo, na harufu ya samaki haibaki. Ubaya wake, kioo ni kioo.

Mimi mwenyewe niliharibu moja. Siku ya kilio, watu wengi, sombe ikashika chini. Kwa haraka nikamwanga maji ya baridi ndani ya sufuria ingali ya moto. Nikasikia «ta!», vipande vikaruka kama ganda la yai. Chuma na kioo havijikunji sawasawa wakati moto unatoka gafula. Ilikuwa sufuria ya mama yangu.

Basi tushike haya:

– Hapana kuweka sufuria tupu kwenye mbabula. Tia kwanza maji ao mafuta, makala yakiwa ya kadiri.
– Koroga na mwiko wa mti. Hapana kuugonga kwenye ukingo, pale ndipo emaye inaanza kubanduka.
– Chakula kikiungua, acha sufuria ipoe yenyewe, loweka usiku, kisha chemsha maji na majivu kidogo na upanguse na kitambaa. Hapana mchanga, hapana chuma ya kusugulia.
– Kausha, na kati ya chombo na chombo weka kitambaa ao karatasi.

Chombo kikibanduka nje tu, kinaweza kutumika bado. Ukikaushe vizuri kutu isikile. Kikibanduka ndani, kitoke jikoni. Kutu kidogo si hatari kubwa, lakini kioo kinaendelea kutoka vipande vidogo, na vinaingia katika sahani ya mtoto.

Tundu nalo, wengine wanaliziba na risasi. Hapana! Ni madini ileile yenye inatiwa ndani ya risasi za bunduki. Tulizikimbia zile, hatuwezi kuzipika. Risasi inaingia ndani ya chakula polepole, haina ladha, na inaharibu akili ya mtoto. Hata rangi nyekundu, ya manjano ao ya machungwa ya vyombo vya zamani inaweza kuwa na sumu ya namna hiyo. Kama rangi ile iko upande wa ndani, hapana kuweka kitu chenye kuwa kikali, wala kulaza chakula mule.

Juma lililopita tulihesabu, mimi na wamama wawili. Vyombo 26. Tisa vimebanduka ndani, na viwili kati ya hivyo vimezibwa. Tulianza kuulizana, nani alificha? Mimi naona yule aliyeziba hakuwa mwizi. Aliogopa faini. Sisi wenyewe ndio tuliweka faini ile, na faini imetuletea sumu ndani ya sufuria ya wote.

Kwa hiyo naomba mkutano ukubali mambo mawili. Moja, faini iondoke. Mwenye kuvunja aseme siku ileile, bila haya. Mbili, kila chombo kiangaliwe kwenye jua kikitoka na kikirudi, watu wawili wakiwa pale.

Kwa wafadhili wetu: mukitaka kusaidia, vyombo vichache vizito vinafaa kuliko vingi vyembamba.

Hivyo tisa, wenyewe waje kuvichukua, si vya kutupa. Sufuria ya mama yangu nimeitoa ya kwanza. Nimetia udongo ndani, na lengalenga imeanza kuota.