Nati za Spoku Zilizokwama: Kazi Inayohitaji Usiku Mmoja

Breki za baiskeli ya Black Mamba ni za vyuma. Mwendeshaji akivuta, raba za breki hupanda na kubana upande wa ndani wa ringi, kandokando ya mstari wa nati za spoku. Tope la mtaa wa Gitothua msimu wa masika, likichanganyika na unga wa chuma unaokwaruzwa, hurundikana papo hapo. Maji hupenya kwenye hesi, kutu ikashika, na baada ya miaka kadhaa nati haizunguki tena.

Uzito unaobebwa na muuza maji ni mkubwa. Mitungi minne ya maji ya lita 20 ni kilo 80 juu ya karia, bila kumhesabu anayeendesha. Katika kitabu chake cha 1981, Mmarekani Jobst Brandt alionyesha kwamba spoku za chini, zinapopita sehemu ya tairi inayogusa ardhi, hulegea kidogo kisha hukaza tena. Gurudumu la inchi 28 huzunguka takriban mara 450 kwa kilomita moja, na kila mzunguko spoku hulegea na kukaza. Iliyolegea kupita kiasi ndiyo huchoka mapema na kukatika shingoni, kwenye habu.

Kosa kubwa hutendeka hapa: nati moja ikikataa, fundi hukaza za jirani mpaka ringi inyooke. Kwa macho gurudumu limepona. Lakini ukizibana spoku mbilimbili kwa vidole, moja imekaza kabisa na ya pili inayumba.

Dawa huanza kwa kutoa tairi, tyubu na utepe wa ringi. Mafuta ya taa yenye oili kidogo hutiwa tone moja pale spoku inapoingia kwenye nati, na jingine upande wa tairi, kwenye mfereji wa bisibisi. Baiskeli ilale hapo. Asubuhi, spana inayoshika sawasawa izungushe robo mbele, robo nyuma, huku mkono wa pili ukiigusa spoku. Ikijipinda pamoja na nati, simama; ishike kwa plaisi karibu na nati ndipo ujaribu tena.

Nati ya shaba nyeupe husaidiwa na moto, kwa kuwa shaba hiyo hupanuka takriban mara moja na nusu kuliko chuma. Chuma cha kulehemu chenye joto kinatosha, ila mafuta ya taa yafutwe na kukauka kwanza! Nati ya chuma haina faida hiyo.

Shida kubwa ni muda, maana muuza maji hawezi kulala bila baiskeli. Makala hii inapendekeza kila kibanda kiwe na gurudumu moja la nyuma la kuazimisha, lenye spoku zake 40, ili la mteja libaki kwenye mafuta usiku kucha.

Nati ikishaviringika kingo, spoku ikatwe. Zikiwa nyingi, legeza kwanza zinazokubali, kidogo kidogo kuzunguka ringi yote, isije ikapinda. Habu hubaki, na spoku mpya zipakwe grisi kwenye hesi kabla ya kuvishwa nati.